Wensleydale, Yorkshire: nenda siku ya gulio, la sivyo utakuta milango imefungwa

Naipa nyota nne na nusu. Nusu iliyokatwa inahusu chakula, ntaifikia huko mbele msiwe na haraka.

Mi naishi Leeds mwaka wa sita sasa, natunza wazee, na kazini kila mtu akisikia una likizo wimbo ni mmoja tu, nenda Dales, nenda Dales. Dale ni bonde tu wala hamna siri hapo, ila kaskazini ya Uingereza yako mengi na kila moja lina watu wake wa kulisifia. Mwaka juzi nikajipeleka peke yangu Jumatano moja, nikashuka mji unaitwa Hawes, huko juu kwenye bonde la Wensleydale, aisee nikakuta wazee wawili na mbwa mmoja, maduka nusu yamefungwa, mvua ya manyunyu, nikanywa chai nikarudi zangu. Nikasema basi, wazungu wanasifia majani.

Kumbe kosa langu lilikuwa siku. Mtoto wa Lushoto mzima nasahau kwamba mji wa gulio bila gulio ni barabara tu! Kwetu Usambara ukitaka kuujua mji unaenda siku watu wanashuka na mizigo kutoka milimani, siku nyingine utakuta mbuzi wanalala barabarani. Sasa shangazi alipopata viza akaja kunisalimia mwezi wa tisa nikaamua kurudi, safari hii kwa akili. Hawes gulio lao Jumanne, Leyburn ambao ndo mji mkubwa wa huko chini ni Ijumaa, na Masham ukishuka zaidi wana Jumatano na Jumamosi. Tukachukua Jumanne mpaka Ijumaa, siku tatu za kulala, na huu ndo ushauri wangu mkubwa, panga safari kwa kufuata magulio, mengine yatajipanga yenyewe.

Usafiri. Hatuna gari, na watu wengi watakwambia bila gari huwezi. Unaweza, ila uamke. Treni ya Leeds kwenda Carlisle inapita juu milimani, unashuka stesheni ya Garsdale. Njiani inavuka daraja la Ribblehead, matao 24 ya mawe, lilijengwa miaka ya 1870 na vibarua waliokuwa wanaishi kwenye vibanda hukohuko porini na wengi walifia hapo. Shangazi aliomba kiti cha dirishani akapewa, halafu akalala, daraja lote limepita yuko usingizini. Reli hii miaka ya 1980 serikali ilitaka kuifunga, maelfu ya watu wakasaini kupinga, na kati ya saini kuna unyayo wa mbwa anaitwa Ruswarp ambaye naye alikuwa abiria wa kulipiwa nauli. Reli ikaokolewa 1989. Mwaka uliofuata bwana wake Graham Nuttall akafia milimani huko Wales akiwa matembezini, mbwa akakaa pembeni ya maiti wiki 11 mpaka walipoonekana. Sanamu yake iko palepale Garsdale, ukishuka utamwona. Nilivyomsimulia shangazi akanyamaza kidogo akasema "huyo sio mbwa mwanangu, huyo ni ndugu." Na shangazi mbwa hawapendi kabisa.

Kutoka Garsdale mpaka Hawes ni kama kilomita 10 na kuna kibasi cheupe kinaendeshwa na watu wa bonde wenyewe, madereva wengine wanajitolea tu. Angalia saa za treni na za basi kabla hujatoka nyumbani maana ukikikosa hapo stesheni hamna duka, hamna taksi, hamna hata mtandao, uko wewe na kondoo.

Haya, gulio. Niseme ukweli, kwa ukubwa usitegemee makubwa, hii sio magulio ya kwetu ya Soni wala Mlalo. Ni vibanda vimepangwa pembeni ya barabara kuu, jibini, mikate, samaki wa kutoka pwani, mboga, soksi za sufi, maua ya kwenye vyungu, mtu anauza vyombo vya jikoni, mtu anauza chakula cha mbwa. Lakini watu! Ule mji niliouona umekufa siku ile ulikuwa umejaa, wakulima na mabuti yao yana mavi ya ng'ombe hawana habari, vibibi na vikapu, kila mtu anamjua mwenzie na foleni haisogei kwa sababu muuzaji anaulizia kwanza mguu wa mama unaendeleaje. Shangazi akasimama katikati akavuta pumzi akasema sasa hapa kuna watu. Tangu afike Leeds alikuwa ananiuliza watu wako wapi, mbona wamejifungia.

Akaenda kwenye mboga akaanza kuomba apunguziwe. Mi natafuta pa kujificha. Huku bei ni ileile iliyoandikwa, hamna mambo ya kuvutana, ila yeye akashika karoti akazigeuza akatikisa kichwa kama anavyofanya kwao, akamwambia yule baba kwa kiswahili hizi zimelala, na yule baba sijui alielewa nini akacheka akaongeza beetroot mbili juu bila hela. Nyongeza hiyo! Shangazi akanigeukia, "unaona, wanajua, ni nyie tu hamuombi."

Ila kilichomkosha zaidi ni mnada. Hawes wana mnada wa mifugo pembezoni mwa mji na tulikuta wanauza kondoo, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kutazama, unakaa juu kwenye madaraja ya duara kama uwanja mdogo, kondoo wanaingizwa hapo chini makundi kwa makundi, wanazungushwa, na dalali anaimba bei kwa kasi ambayo hata mi niliyezoea kiingereza cha Yorkshire niliambulia neno moja kati ya kumi. Mnada wa kwetu una nyama choma, muziki, vijana wanauza mitumba, kelele mpaka ng'ombe wanapata kizunguzungu. Huku wanunuzi wamekunja mikono kimya kama wako msibani, mmoja anainua kidole nusu inchi, tayari kanunua kondoo thelathini. Shangazi analima na anafuga kwa hiyo akaanza kuwakagua mmojammoja kwa sauti, huyu kwato, huyu kanenepa kwa majani tu hana nyama, yule dume mwenye pembe za kujikunja uso mweusi mdomo mweupe huyo ndo mnyama. Hiyo ni mbegu ya Swaledale, ndo imejaa milima yote, inavumilia baridi.

Kuna mbegu nyingine yenye jina la bonde lenyewe, Wensleydale, sufi yake ndefu imejiviringa vikamba vikamba. Wote chimbuko lao ni dume mmoja aliyezaliwa 1839 akaitwa Bluecap. Sasa hivi wamebaki wachache. Shangazi alipoonyeshwa picha akasema huyu kasuka rasta. Jirani yetu wa kiti akatuambia jambo lililotushangaza wote, kwamba siku hizi sufi ya kondoo wengi wa huku haifidii hata hela ya kumlipa mkata sufi, wananyoa tu ili mnyama asiteseke na joto na funza. Na hili bonde zamani liliishi kwa sufi! Hapo Hawes kuna makumbusho ndani ya stesheni ya zamani ya reli, behewa bado liko nje, humo wanaonyesha jinsi watu wa huku walivyokuwa wanafuma soksi, wanaume kwa wanawake, anachunga anafuma, anatembea kwenda sokoni anafuma. Lipa uingie, inatosha lisaa limoja na nusu.

Jibini sasa, maana ndo jina limefika mbali. Kiwanda kiko Hawes, unatembea dakika chache kutoka barabara kuu, wana sehemu ya kutazama wanavyotengeneza na dukani unaonja kabla ya kununua, shangazi alionja kila kitu akarudi akaonja tena. Jibini lenyewe ni jeupe, linamung'unyika, lina uchachu kidogo wa maziwa mgando halafu mwishoni kama asali kwa mbali. Wanalila na keki ya matunda. Ndio, keki na jibini mdomoni kwa pamoja, nilikataa, nikajaribu, nikaomba kipande cha pili.

Walioanzisha ni wamonaki wa Cistercian kutoka Ufaransa karne ya 12, walikaa kwanza huku juu pakawashinda kwa baridi na ubovu wa ardhi, 1156 wakahamia chini Jervaulx wakajenga abasia yao, na jibini la mwanzo lilikuwa la maziwa ya kondoo. Mfalme Henry VIII alipozivunja abasia, ya Jervaulx ikafa 1537, lakini ujuzi ukabaki kwa wake wa wakulima. Hapa shangazi hakushangaa hata kidogo. "Si kama Irente," akasema. Na kweli, sisi wa Lushoto jibini tumelijua kwa watu wa kanisa, shamba la Irente la Walutheri wanatengeneza mpaka leo, na wamonaki wa kwetu wako Sakharani. Aliyeleta dini akaleta na jibini.

Kiwanda kimeponea chupuchupu mara mbili. Miaka ya 1930 kilitaka kufa kwa madeni, mtu wa hapohapo anaitwa Kit Calvert akawakusanya wakulima wakakiokoa. Halafu 1992 kampuni kubwa iliyokuwa inakimiliki ikakifunga, kazi ya kutengeneza Wensleydale ikapelekwa Lancashire, jirani na watani wa jadi wa Yorkshire, na ukitaka kujua hilo ni tusi la kiasi gani mwambie mtu wa Yorkshire aende Lancashire akale jibini lake. Miezi michache tu waliokuwa mameneja wakakinunua, wafanyakazi wa zamani wakarudi, leo ndo kimeshikilia mji. Kwa wenzangu mnaoangalia halali, soma kibandiko au uliza kuhusu rennet, kile cha kugandishia maziwa ambacho kingine kinatoka tumboni mwa ndama, aina ni nyingi na watu wa dukani hawachoki kuulizwa.

Jumatano tukatembea mpaka Hardraw, ni kama nusu saa na kidogo kwa miguu kukatiza majani. Hili la njia lilimshinda shangazi kuelewa. Unaingia shamba la mtu, ng'ombe wake wako hapo, unapita katikati, unafungua geti unafunga, hakuna anayekuuliza kwa sababu njia ya miguu ni haki ya sheria. Kila ukuta una vingazi vya mawe vya kuvukia, na kuta zenyewe zimepanda mlima mpaka juu, mawe yamepangwa tu bila udongo bila sementi na zimesimama miaka mia mbili. Shangazi alikuwa kila baada ya hatua kumi anageuka nyuma kuangalia kama mwenye shamba anakuja na panga. Hardraw kuna maporomoko, maji yanadondoka moja kwa moja kama mita 30, unalipa kidogo kuingia. Pazuri, ila kwa mtu aliyeona maporomoko ya Soni na Kisasa hatopiga kelele sana.

Haya, nusu nyota. Tumerudi na njaa, tukaingia baa moja ya kijijini, jina naliacha, saa nane na dakika tano mchana. Jiko limefungwa. Linafunga saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikamwambia dada wa watu hata sandwichi, hata supu, nina mtu mzima hapa ametembea, akatabasamu vizuri kabisa akasema pole, jiko limefungwa, ana pakiti za krispi. Mwanamke wa miaka 67 kapewa krispi za vinega! Na mji mzima ndo ulivyo isipokuwa siku ya gulio, kwa hiyo kula kabla ya saa saba na nusu au beba chakula chako. Mpunga sahau. Pilipili sahau. Samaki na chipsi wapo na ni wazuri, mikate ya nyama ya kuoka ipo, na kiamsha kinywa cha nyumba ya wageni kilikuwa cha kushibisha mpaka jioni kama ungekuwa na akili ya kukimaliza. Chumba cha vitanda viwili tulilipa paundi 95 kwa usiku, kisafi, maji ya moto muda wote, sakafu inalia ukitembea.

Mwenye nyumba ile, mama wa makamo, aliposikia habari ya krispi aliona aibu kwa niaba ya bonde zima, jioni akatupakia kwenye gari lake akatupeleka Semerwater. Ni ziwa, dogo ukililinganisha na tunayoyajua, limekaa kwenye bonde la pembeni kimya kabisa. Njiani akatusimulia kwamba chini ya maji kuna mji. Zamani alipita maskini ombaomba akagonga kila nyumba anaomba chakula, wakamfukuza, isipokuwa kibanda kimoja juu mlimani cha mtu na mkewe wasio na kitu ndo wakampa walichonacho. Asubuhi akaulaani mji, maji yakapanda yakaumeza, kikabaki kile kibanda. Mi natafsiri huku shangazi anatingisha kichwa, hadithi ya namna hii hata kwetu haikosekani. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "na ile baa ya mchana iko juu mlimani au chini?"

Alhamisi nitapita haraka. Aysgarth ni maporomoko ya ngazi tatu kwenye mto Ure, mapana, maji rangi ya chai kwa sababu ya udongo wa milimani, mvua ilikuwa imenyesha usiku kwa hiyo yalikuwa yananguruma kweli, hapa shangazi alikaa nusu saa. Bolton Castle ndo ngome waliyomfungia Mary malkia wa Scotland mwaka 1568, miezi sita hivi, pande kubwa bado limesimama unapanda mpaka juu. Wanasema alijaribu kutoroka akadondosha shali yake ndo maana ule ukingo wa mlima juu ya Leyburn unaitwa Shawl, yaani shali. Wanaojua historia wanasema ni hadithi tu, jina ni la zamani. Shangazi akasema mfungwa gani anatoroka na shali, halafu akajifunga ya kwake vizuri maana upepo wa juu ya ngome ulikuwa unataka kuipeleka.

Ijumaa asubuhi tukashika basi la kushuka Leyburn. Nauli England nzima imewekewa kikomo, paundi tatu kwa safari moja kwenye mabasi mengi, kwa umbali ule ni bure. Kabla ya kufika unapita kijiji cha Wensley, na hapa nilimgusa shangazi aangalie, maana ndo chenye jina. Mabonde mengi ya huku yanaitwa kwa mito yake, hili limeitwa kwa kijiji, na sababu ni gulio. Wensley walipewa kibali cha soko 1202, bonde zima likawa linashuka kwao. Halafu 1563 ikaja tauni, ikaua, waliobaki wengi wakakimbia, na gulio halikurudi tena. Askrigg wakapata kibali chao 1587, Leyburn 1684, Hawes mwishoni mwa karne hiyohiyo. Leo Wensley ni kanisa kubwa, daraja la zamani na nyumba chache za mawe. Dirishani kijiji kiliisha kabla sijamaliza kusimulia. "Ndo hiki?" shangazi akauliza. Ndo hicho, shangazi. Akasema "soko likishahama..." akaacha hapohapo.

Leyburn sasa uwanja wa soko umejaa, vibanda vingi kuliko Hawes, na ukipata muda kuna Middleham kilomita tatu hivi, mji wa farasi wa mashindano, asubuhi wanapita barabarani kwenda mazoezini kwa misururu. Kuna magofu ya ngome ya Richard III, yule mfalme aliyeuawa vitani 1485 mifupa yake ikaja kupatikana 2012 chini ya maegesho ya magari Leicester. Sisi tulienda mbio tukarudi kwa sababu mtu wangu alikuwa na kazi sokoni.

Kazi yenyewe ilikuwa mayai. Jana yake alikuwa ameona kando ya barabara kijisanduku, mayai ndani, kopo la hela, hakuna mtu. Unachukua unaacha hela unaenda. Alinunua trei ya nusu dazeni akaacha sarafu zake, halafu akagoma kuondoka, mpaka nimpige picha akiwa anaweka hela kwenye kopo ili mwenyewe akija asije sema mwafrika kaiba mayai. Nikapiga. Sasa usiku kucha kakokotoa, kaona alizidisha senti 50, na pale Leyburn akawa anazunguka na lile boksi anamuuliza kila muuza mayai kama ni ya kwake amrudishie chenji. Mama wa tatu, ambaye mayai hayakuwa yake, akacheka akampa yai moja.

Tulitoka kwa upande wa chini, basi mpaka Richmond, jingine Darlington, halafu treni ya Leeds, mayai saba mapajani kwake njia nzima na jibini kilo mbili kwenye begi langu. Dirisha lote aliangalia. Mwezi wa tano anarudi, ameshaniambia nitafute tiketi za Masham, Jumamosi.